Vitunguu vya Chupani

Chupa nyingine ilikuwa imeota ukungu.

Tusekile aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akaigeuza tena, kana kwamba upande wa pili ungempa habari njema. Haukumpa. Juu ya uji mgumu wa sukari unaolisha miche palikuwa na manyoya ya kijivu kama mgongo wa panya aliyelowa, na katikati ya manyoya mche wa kitunguu, mwembamba kama sindano ya kushonea, umekwisha kulala. Akasonya. Akaiweka kwenye karai pamoja na zile nyingine zilizoharibika wiki ile.

"Umenawa mikono?" Dada Mwanaheri aliuliza kutoka mlangoni, kabla hata hajavua viatu.

"Nimenawa."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni, dada."

"Ukajipaka spiriti?"

"Nikajipaka."

"Hukukohoa, hukuchemua, hukuimba?"

"Mimi siimbi."

"Basi hawa wadudu wanaingilia wapi, bibie? Wanabisha hodi, nawe unawakaribisha chai?"

Jibu Tusekile alikuwa nalo, tena alikuwa nalo wiki nzima, lakini maneno yake siku zote yalichelewa kutoka. Hata shuleni, kabla hajaachishwa darasa la tano ili akamwuguze bibi yake, mwalimu alikuwa akifika swali la sita ndipo yeye anapata ujasiri wa kujibu la tatu. Akachukua karai, akaenda nyuma kuchemsha zile chupa zilizooza.

Jengo lile la Busale lilikuwa ghala la chama cha ushirika. Enzi zile lilijaa mpunga na kakao mpaka kwenye mabati. Chama kilipokufa, na watu wakaambiwa kila mmoja auze atakapo na anunue atakapo, ghala likabaki na popo. Ndipo ukaja mradi. Wakapaka chokaa, wakatoboa dirisha pana, wakaweka rafu, majiko ya mafuta ya taa na sufuria mbili kubwa za presha. Mtaalamu alikuwa Mwanaheri, binti Mudathiri, yule muuza vitambaa wa Kyela mjini. Alikuwa amesomea kilimo Morogoro na alirudi na ushungi wake, buti za mpira, na imani kwamba kitunguu kinaweza kuzaliwa ndani ya chupa ya jemu. Watu walichoona wao ni sufuria, sukari na majiko. Wakaliita jengo lile Jiko la Vitunguu, nalo likashika jina hilo.

Chenyewe kitunguu hicho kilikuwa kidogo, chekundu, chenye kuzaa mafungu. Akina mama wa huku walikipanda kingoni mwa mashamba ya mpunga tangu zamani. Hakitoi mbegu. Hupandwa kwa kichwa chake chenyewe, kichwa huzaa vichwa, na mama humgawia binti yake anapoolewa. Lakini miaka hiyo kilikuwa kimeingiwa na ugonjwa: majani yalijikunja, yakawa manjano, vichwa vikaoza ardhini. Na kwa kuwa malori yalileta vitunguu vikubwa vya kutoka mbali, na vingine vilivuka daraja la Kasumulu mpakani kwa magunia, hakuna aliyelia sana. Mwanaheri alipozunguka vijiji akitafuta vichwa vizima, alivikuta vitatu tu, vimening'inizwa juu ya jiko la Marta, huko Talatala. Marta alikuwa mama yake Tusekile.

Marta hakumpa Mwanaheri. Alivitungua, akampa binti yake mkononi.

"Nakupa wewe," alisema. "Si huyo mtoto wa dukani. Vikipotea usije ukaniambia mtaalamu kasema hivi, mtaalamu kasema vile. Nitakuuliza wewe."

Kisha Tusekile, mwosha chupa wa mradi, akavipeleka, akasimama pale mezani akaona vinavyofanywa. Mwanaheri alivimenya vyote vitatu, akavizamisha kwenye dawa ya kung'arisha nguo, akatupa majani, akatupa nyama, akabakiza kile kitako kigumu ambacho wapishi wote duniani hukitupa. Kitako hicho akakikatakata vipande vidogo kuliko punje ya mchele.

"Vyote vitatu, dada?" Tusekile aliuliza.

"Vyote. Kila kipande kitaota chake. Tena kitaota bila ugonjwa."

Vikatoka vipande sitini, chupa sitini. Ishirini ziliharibika mapema, na Mwanaheri akasema hiyo ni kawaida. Arobaini zikatoa vichipukizi vya kijani, na kila asubuhi Tusekile alivihesabu kama mtu anayehesabu vifaranga. Vikatulia hivyo mwezi mzima. Halafu kamati ya kijiji ikaajiri mlinzi, na katika wiki mbili chupa kumi na nne zikaota manyoya.

Mlinzi alikuwa Mzee Nsajigwa, baba yake Aliko. Na Aliko alikuwa mume wa Tusekile.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana humkimbia baba mkwe wake. Si kwa chuki, ni kwa heshima. Hamtazami usoni, hapiti naye njia moja, hakai naye chumba kimoja, wala hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mkamwana huingia porini. Wapo waliokwisha kulegeza, hasa watu wa kanisani, lakini si nyumba ile. Kamati nzima ililijua hilo, nusu yao wakiwa na wakamwana wanaowakimbia, na bado wakamchagua yeye, kwa sababu hakunywa pombe na alikuwa na koti.

Ikabidi utengenezwe utaratibu. Tusekile afanye kazi asubuhi. Mzee aingie zamu saa nane mchana. Akifika kwenye kona ya migomba, akohoe. Akikohoa, Tusekile atoke kwa mlango mdogo wa nyuma, apite kwenye majaruba. Ulikuwa utaratibu mzuri mdomoni. Kwa vitendo, mzee alikuwa mtu wa kuwahi. Alikohoa saa saba na robo, akakohoa saa saba kasorobo, na siku moja alikohoa saa sita kamili kwa sababu nyumbani hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Tusekile akatoka mbio na brashi ya kuoshea chupa mkononi, miguu mitupu. Viatu vyake vililetwa nyumbani na mama mkwe, vimefungwa kwenye jani la mgomba kama samaki.

Aliyekuwa akifungua chupa Tusekile alimjua tangu wiki ya kwanza. Vifuniko alivifunga yeye kwa mkono wake, kila kimoja na alama ya kalamu ikiangalia dirisha. Asubuhi alikuta alama zinaangalia ukutani. Na juu ya kifuniko cha chupa ya ishirini na mbili palikuwa na unga wa ugoro.

Alimwambia mume wake.

"Baba hafungui kitu," Aliko alisema, huku akiziba pancha ya baiskeli anayobebea mpunga.

"Ugoro upo juu ya kifuniko."

"Ugoro upo Kyela nzima."

"Aliko, chupa zinakufa. Ni vitunguu vya mama."

"Haya, haya. Nitamwambia."

Akamwambia kweli. Jioni ile Tusekile, akiwa jikoni nyuma ya ukuta wa matete, aliyasikia mazungumzo yote. "Baba, kazi inaendeleaje?" "Inaendelea." "Vizuri." Basi. Huko ndiko kumwambia.

Akamwendea mama mkwe, Anyisile, maana mama mkwe ndiye njia halali ya kupitishia neno. Akampangia neno taratibu, kwa adabu: kwamba pumzi ya mtu ina vijidudu visivyoonekana, kwamba chupa ikifunguliwa vijidudu huingia, kwamba si kosa la mtu. Anyisile akasikiliza, akaitikia, akaenda upande wa pili wa ua, akapaza sauti:

"Baba Aliko! Mkamwana anasema mdomo wako unanuka, unaua vitunguu!"

Mzee alikula siku mbili bila kusema. Siku ya tatu akakata mswaki wa mti mchungu, akajifunga kitambaa mdomoni, akaenda kazini. Akaendelea kufungua chupa kama kawaida, ila sasa kwa usafi.

"Na wewe," Anyisile alimwambia Tusekile, "unahangaika na watoto wa chupani tu. Wa tumboni lini?"

Wiki ya tatu zikaharibika kumi zaidi, zikabaki chupa kumi na sita. Asubuhi hiyo Tusekile aliziangalia, akaona kama anamwona mama yake amesimama mlangoni akiuliza. Akamfuata Mwanaheri, akasimama nyuma yake, akasema yote kwa pumzi moja mpaka mwisho, macho yakiwa kwenye sakafu.

Mwanaheri aliweka kisu mezani.

"Wiki tatu unajua?"

"Ndiyo, dada."

"Wiki tatu nakuuliza kama umenawa mikono, nawe unaniitikia umenawa! Ulimi ulimwazima nani?"

"Nilimwambia mume wangu. Nikamwambia mama mkwe."

"Ukamwambia mkoa mzima isipokuwa mimi. Kwa nini hukumwambia mzee mwenyewe?"

"Siwezi. Ni baba mkwe."

"Kwa hiyo vitunguu vife."

Mwanaheri akamtazama, akafungua mdomo kucheka, akaona haichekeshi, akaufunga. Alikuwa amekulia Kyela, alikuwa ameona wanawake wakiruka mitaro kumkwepa mzee mwenye mkongojo.

Saa nane Mwanaheri alimpokea mzee mwenyewe. Tusekile alikuwa nyuma ya mlango mdogo, sikio kwenye ubao.

"Nilikuwa nawapa hewa, mwanangu," mzee alisema kwa sauti ya upole kabisa. "Kiumbe hai huwezi kukifungia kwenye chupa. Hata wewe nikikufungia humo hutasoma tena."

"Shikamoo mzee wangu, nakuelewa. Lakini hawa hewa yao imo humo humo. Zisifunguliwe."

"Zisifunguliwe kabisa?"

"Kabisa. Mpaka siku ya kupanda."

"Mpaka siku ya kupanda," mzee alirudia, kama mtu anayepokea kiapo. Na kiapo alikishika. Kuanzia siku hiyo hakuna alama iliyogeuka, hakuna manyoya yaliyoota. Chupa kumi na sita zikabaki kumi na sita. Miche ikarefuka, ikatoa mizizi myeupe kama nyuzi, ikajaza chupa. Tusekile akaanza kulala usingizi.

Mwishoni mwa mwezi wa tano Mwanaheri alisafiri kwenda Mbeya, siku tano, kufuata mifuko myepesi ya nailoni. Alieleza mara tatu. Mche wa chupani ni kama mtoto njiti. Haujui jua, haujui upepo. Ukitolewa lazima uoshwe ule uji wote, maana sukari huita ukungu, upandwe kwenye kikombe chenye mchanga uliochemshwa, ufunikwe, na kifuniko kiinuliwe kidogo kidogo, wiki mbili nzima. Mchanga uliochemshwa ulikuwa tayari kwenye debe. Vikombe vilikuwa tayari. "Nikirudi tutafanya pamoja," alisema. "Wewe usiguse kitu. Osha sakafu tu."

Yote hayo alimweleza Tusekile. Hakuna aliyemweleza mzee.

Siku ya tatu, Tusekile alikuwa amekwisha rudi nyumbani, anachambua mchele, na Anyisile anatwanga. Mvua ya mwisho mwisho ilikuwa imenyesha asubuhi na sasa jua lilikuwa limetoka kali.

"Wanaume wakizeeka ni watoto," Anyisile alisema katikati ya mapigo ya mchi. "Baba yenu leo amekwenda kazini na jembe."

"Na nini?"

"Jembe. Nikamwambia wewe ni mlinzi, unakwenda kulima wezi? Akasema leo udongo uko sawa, mwezi uko sawa, na wale watoto wamekua."

Ungo ukaanguka. Tusekile hakuuokota.

Alikimbia kwenye kingo za majaruba, kanga mkononi, akiteleza, akiinuka. Watu walimsalimu hakuitikia. Njia nzima alikuwa akitukana kimoyomoyo. Alitukana kamati. Alitukana jembe. Alimtukana Mwanaheri aliyesema "mpaka siku ya kupanda" kwa mtu aliyepanda mpunga miaka hamsini, kana kwamba mtu huyo angehitaji kuambiwa na mwingine siku ya kupanda ni ipi. Baba mkwe hakumtukana, maana hilo haliwezekani, lakini alilikaribia sana.

Alipofika alisimama nyuma ya pembe ya ukuta, akachungulia kwa jicho moja.

Mzee Nsajigwa alikuwa ameinua tuta zuri, refu, limenyooka kama limepimwa kwa kamba. Juu ya kigoda palikuwa na chupa mbili ambazo hazijafunguliwa. Chini palikuwa na kumi na tatu tupu, zimeoshwa, zimepangwa mstari. Na kwenye tuta, katika jua kali la saa nane na nusu, kulikuwa na miche kumi na tatu, na uji wake wa sukari bado kwenye mizizi. Ya mwanzo ilikuwa imekwisha lala ubavu kama nywele zilizolowa. Mzee alikuwa ameishika chupa ya kumi na nne, anaizungusha kifuniko, huku anaimba wimbo wa kanisani.

Tusekile alitazama huku na huku. Hakuna mama mkwe. Hakuna Aliko. Hakuna hata mtoto mdogo wa kutumwa aseme neno. Barabarani, mbali kidogo, walikuwa wanawake watatu wenye mafungu ya kuni, na hao hata akiwaita, wangesimama kwanza kusalimiana, na salamu za huku zina mwanzo lakini hazina haraka. Kifuniko kikalia.

Akajifunika kanga kichwa chote. Akafumba macho.

"Ninyi vitunguu!" alipiga kelele. Sauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba yeye mwenyewe alishtuka. "Ninyi vitunguu vya Marta, mwambieni babu yenu aache! Aache sasa hivi! Aiweke hiyo chupa chini!"

Wimbo ukakatika. Mzee, kwa adabu ya mtu aliyelelewa, aligeuka mara moja akayapa majaruba uso, na ukuta mgongo. Chupa akaiweka chini taratibu. Kisha akakohoa.

"Vitunguu," alisema, akiangalia mpunga, "mwulizeni mama yenu. Siku ya kupanda si leo?"

"Mwambieni si leo! Ni dada Mwanaheri ndiye anayesema siku!"

"Mwambieni Mwanaheri anajua chupa. Udongo mimi ndiye ninayeujua. Huu umelainika vizuri."

"Mwambieni mnakufa! Hajawatazama? Mmelala! Mnaungua jua, na hiyo sukari kwenye miguu yenu jioni itakuwa ukungu mtupu! Mwambieni ninyi ndio wa mwisho, hakuna vingine, hakuna Busale, hakuna Talatala, hakuna popote, na mama yangu atakuja kuniuliza mimi!"

Mzee aligeuza shingo kidogo tu, kwa upande wa tuta, akaitazama ile miche kwa mara ya kwanza kama inavyotazamwa miche. Mabega yake yakashuka.

"Mungu wangu," alisema. Safari hii hakuwa akizungumza na vitunguu.

Kuokoa kulitaka watu wawili, na watu wawili waliokuwapo walikuwa hao. Mzee alikata majani ya mgomba, mapana mawili, akayashika juu ya tuta ili kuweka kivuli. Lakini kwa kuwa Tusekile alilazimika kupiga magoti chini yake, aliyashika kwa nyuma, mikono ikiwa imepinda mgongoni, uso ukiangalia majaruba. Tusekile akatambaa na kijiko, bakuli la maji yaliyochemshwa na vikombe vya mchanga, kanga ikimfunika mpaka kwenye pua.

"Vitunguu, mwambieni babu asogee kushoto."

Mzee akasogea.

"Kushoto kwenu, si kwake!"

"Mwambieni mama yenu hakusema kushoto kwa nani."

"Mwambieni ashushe jani."

"Mwambieni mikono ya babu ina miaka sitini na minane. Haishuki zaidi ya hapo bila kuvunjika."

Wale wanawake wenye kuni walikuwa wamefika. Walisimama, wakatua mizigo, wakatazama. Mmoja alisema, "Mama yangu, hii ni nini?" na wa pili akamwambia anyamaze, asije akaharibu.

Tusekile hakuwaangalia. Alichomeka kijiko pembeni, akainua mche na tope lake, akautia majini, akausugua uji kwa ncha ya kidole mpaka mizizi ikawa myeupe, akaupachika kwenye mchanga, akaufunika kwa chupa tupu iliyoinamishwa, kwa kuwa mifuko ilikuwa bado Mbeya. Mmoja. Mwingine. Magoti yalimwuma. Jasho lilimwingia machoni. Kila mara jani lilipoyumba na mstari wa jua ukauchoma mche, alisonya, na kila aliposonya mzee alikohoa. Alipata kumi na miwili. Wa kumi na tatu aliutafuta kwa kijiko, akautafuta kwa vidole, hakuuona. Akasema umezama kwenye tope, basi.

Habari zilifika nyumbani kabla yake. Aliko alikuwa amesimama uani, baiskeli bado mkononi.

"Umempigia baba kelele?"

"Mbele ya watu!" Anyisile alidakia. "Mbele ya mama Lazaro, ambaye hata jipu lake hawezi kulificha! Mkamwana kumwamrisha baba mkwe, shusha, sogea, kama punda! Tangu nizaliwe! Lazima atoe kuku. Atoe kuku wawili, na wazee waitwe."

Tusekile alisimama na tope mpaka viwikoni. Alikuwa na maneno mengi, ila yalikuwa yamekwisha kule kwenye tuta.

Nyuma ya ukuta wa matete, mzee, aliyekuwa ametoka zamu mara moja kuja kula, akakohoa.

"Nani kapigiwa kelele?" aliuliza.

"Wewe!" Anyisile alisema.

"Mimi sikusikia mtu akiniita. Palikuwa na mwanamke anazungumza na vitunguu vyake. Siku hizi mtu haruhusiwi kuzungumza na mazao yake? Hata hilo limebinafsishwa?"

"Nawe ukajibu!"

"Nilikuwa nazungumza na vitunguu. Vilinisalimu, nikaitikia. Leteni chakula."

Kuku hakutolewa. Anyisile alisusa siku nzima.

Mwanaheri aliporudi alivikuta vikombe kumi na viwili na chupa tatu nzima kwenye rafu, na tuta refu nje, na watu wawili wasiotaka kueleza. Akakaa kwenye kigoda, akashika kichwa. "Siku tano," alisema. "Siku tano tu, jamani. Nilisema uoshe sakafu." Kisha akainua chupa moja, akatazama mche, akainua ya pili, akaenda kufungua mifuko.

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa ndefu. Miche mingine ilioza shingo. Mingine ilikauka ncha, ikakauka katikati, ikaisha. Na juu ya hilo, Tusekile alikuwa amejifungulia balaa jipya. Mzee alikuwa amegundua njia. Miaka miwili aliishi ua mmoja na mkamwana wake bila kumwambia neno, na kumbe maneno alikuwa nayo mengi. Sasa kila siku, kabla mkamwana hajaondoka, alisimama nje ya dirisha, mgongo kwa ukuta, akaanza.

"Vitunguu, mugonile? Mmelala salama? Mama yenu anawamwagilia mno. Mwambieni."

"Mwambieni tunamwagilia kwa kipimo."

"Vitunguu, huo mchanga si chakula. Mtu hali mchanga. Mwambieni aweke na majivu ya pumba."

"Mwambieni hayo majivu yamo tayari!"

"Vitunguu, juzi nilikuwa Kyela mjini, nikamwona mtu…"

"Mwambieni tuna kazi!"

Mwanaheri alikuwa akiuma ushungi wake asicheke.

Siku ya kuondoa vifuniko kabisa, iliyobaki hai ilikuwa sita. Tusekile aliihesabu mara tatu. Sita, imesimama yenyewe, bila chupa, bila mfuko. Kati ya sitini. Mwanaheri akasema sita inatosha. Mwakani kila mmoja utakuwa fungu, mwaka unaofuata fungu litakuwa tuta. Tusekile aliketi sakafuni ghafla.

"Ni sita," Mwanaheri alimwambia mzee kupitia dirishani.

"Vitunguu," mzee alisema, "mwambieni huyo dada ni saba."

"Ni sita, mzee. Nimehesabu."

"Ni saba. Mtumeni mama yenu atazame tutani. Mimi nitafumba macho."

Tusekile alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka ukuta. Tuta lilikuwa limeota magugu. Mwishoni kabisa, upande wa majaruba, palikuwa na ganda la mgomba limesimamishwa kwa vijiti vitatu kama kibanda cha kuku. Akaliinua. Chini yake, kwenye tope la kawaida, lisilochemshwa na mtu yeyote, mche wa kumi na tatu ulikuwa umesimama, kijani kibichi, mnene mara mbili ya ile ya rafuni.

Aliutazama kwa muda mrefu. Miezi saba ya spiriti, sabuni, sufuria za presha na kuambiwa asikohoe. Alitamani kuung'oa. Badala yake aliinama, akaminya ncha ya jani, akanusa kidole. Ilikuwa harufu ile ile ya juu ya jiko la mama yake.

Upande wa pili wa ukuta mzee alikohoa, akingoja.

"Kitunguu," Tusekile alisema. Ilimchukua muda kupata neno la shukrani. "Mwambie babu… ndaga."

"Mwambie mama yako," sauti ya mzee ikaja, "babu anasikia vibaya sikio la upande huu. Arudie."

Tusekile akasonya, akarudia.